Maswali yenu: hela za utafiti wa ulinzi na usalama

Toleo lililopita tuliongelea fedha za serikali za utafiti kwa ujumla, na tangu hapo maswali yanayojaa kwenye sanduku letu ni ya hizi zinazotoka majeshini na kwenye idara za ujasusi za nje. Kuna wanaoogopa hata kuzigusa, kuna ambao wameshazipigia hesabu kabisa. Nimechagua haya sita, mengi ya waliobaki yanafanana nayo.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma uzamili wa isimu hapa Dar. Kuna kampuni imeniita nikasikilize simu za Kiswahili zilizorekodiwa niziandike neno kwa neno, wanalipa kwa saa na malipo si mabaya. Rafiki yangu kanitisha anasema hizo ni kazi za majasusi wa Marekani niachane nazo. Ni kweli wanalipia utafiti wa Kiswahili au ni stori tu? Na nikifanya nakosea? – Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Hiyo kampuni yako inamfanyia nani kazi ni lazima uwaulize wenyewe, ila swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, na wala si siri, mambo yameandikwa hadharani. Marekani wana taasisi ya serikali inaitwa IARPA, kazi yake ni kutoa hela kwa vyuo na makampuni ili wafanye utafiti ambao idara za ujasusi zitakuja kuuhitaji mbele ya safari. Walikuwa na mradi unaitwa Babel, lengo lake lilikuwa kutengeneza mfumo wa kompyuta unaoweza kutafuta neno ndani ya mazungumzo ya simu ya lugha yoyote, tena uundwe haraka hata kama lugha hiyo haina data nyingi. Kiswahili kilikuwemo. Kazi ya kukusanya sauti walipewa Appen, kampuni ya Australia, wakarekodi Kenya kati ya 2012 na 2014, jumla karibu saa 200, watu wanaongea na simu wakiwa barabarani, nyumbani, wengine ndani ya gari, maana mfumo ulitakiwa uzoee kelele za kweli za maisha na si sauti safi ya studio. Sauti hizo pamoja na maandishi yake sa hivi zinatolewa na Linguistic Data Consortium iliyoko Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Halafu 2017 IARPA hao hao wakaanzisha mwingine, MATERIAL, ambapo mchambuzi asiyejua Kiswahili hata kidogo anaandika swali lake kwa Kiingereza, mfumo unapita kwenye maandishi na sauti za Kiswahili na kumrudishia muhtasari kwa Kiingereza. Lugha mbili za mwanzo kabisa kwenye mradi ule zilikuwa Kiswahili na Kitagalog. DARPA nao, ambao ni wakala wa utafiti wa wizara yao ya ulinzi, walikuwa na LORELEI kuanzia 2015, huo ulihusu majanga, yaani likitokea tetemeko au mlipuko wa ugonjwa sehemu ambayo lugha yake hawaijui waweze kuelewa haraka watu wanasema nini, na Kiswahili kimo humo pia.

Na usidhani ni jambo la juzi. Sputnik, setilaiti ya Wasovieti, ilivyorushwa Oktoba 1957 Wamarekani walishtuka, mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, Rais Eisenhower akaisaini Septemba 1958, na sheria hiyo ndiyo iliyoanza kutoa ruzuku kwa vyuo vifungue vituo vya lugha na masomo ya maeneo ya dunia, Kiswahili kikapata nafasi huko kupitia mlango huo huo. Mpaka leo kuna ufadhili wa Boren, unawalipia vijana wao kuja kujifunza Kiswahili huku kwetu, na sharti lake ni kwamba ukimaliza unaitumikia serikali ya shirikisho angalau mwaka mmoja.

Sasa unakosea? Mimi sioni kosa kufanya kazi ya isimu kwa sababu tu mlipaji ni serikali ya nje, sauti zile za Babel zimetumiwa na watafiti wengi sana wa utambuzi wa sauti duniani na hata simu yako inavyozidi kuelewa Kiswahili, njia ilisafishwa na kazi za aina hiyo. Lakini kabla hujakaa kwenye kiti waulize mambo haya na wakujibu kwa maandishi: mteja wa mwisho ni nani, waliorekodiwa walijua na kusaini au hawakujua, na wewe utaruhusiwa kuzitumia kwenye tasnifu yako au utafungwa mdomo. Wakisita kwenye lile la waliorekodiwa, ondoka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na wewe ndiye utakayekuwa umekaa na sauti za watu masikioni, usije ukasema hukujua. Kinachoniuma mimi ni kingine, kwamba kwenye hiyo miradi mikubwa ya lugha yetu walimu wetu wa isimu wangefaa kuwa mezani wakati mkataba unaandikwa, masharti ya nani anamiliki sauti na nani atazitumia bure yapangwe nao, na si kuitwa mwishoni kuandika neno kwa neno kwa malipo ya saa.

Habari Mwalimu. Niko na kampuni ndogo ya programu hapa Nairobi. Nimepata imeili inasema tumechaguliwa ku-apply fedha za SBIR za wizara ya ulinzi ya Marekani ila kwanza tulipe dola 600 za usajili wa SAM. Nilipe? – Msomaji, Nairobi

Usilipe hata bob moja. SAM.gov ndipo kila anayetaka fedha za serikali ya Marekani anapojisajili, na usajili ni bure kabisa, namba yake ya utambulisho inayoitwa UEI ni bure, inatoka humo humo SAM tangu Aprili 2022 walipoachana na ile namba ya zamani ya DUNS. Kampuni ya nje ya Marekani inahitaji kwanza namba ya NCAGE, nayo ni bure. Ukiona anuani ya aliyekuandikia haiishii na .gov wala .mil na anataka hela, ujue ni tapeli, au kwa uchache ni dalali anayekuuzia foleni isiyolipiwa.

Na hata ungekuwa na usajili wote huo SBIR si yako. Ule mpango ulianza 1982 kwa sheria ya bunge lao mahsusi kwa biashara ndogo za kwao: kampuni iwe Marekani, ya faida, isizidi wafanyakazi 500, na zaidi ya nusu iwe mali ya raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Hivyo mtu anayekwambia mmechaguliwa mkiwa Nairobi hajasoma hata ukurasa wa kwanza, au ameusoma na anategemea wewe hujausoma.

Kilicho wazi kwetu ni utafiti wa msingi, na huo ni wa vyuo zaidi kuliko makampuni. Jeshi la anga la Marekani lina ofisi yake ya utafiti, AFOSR, yenye tawi London linaloitwa EOARD ambalo linashughulikia Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, jeshi la majini nalo lina ONR Global. Hawa wanaweza kumpa fedha mtafiti wa chuo cha nje kwa kazi ya hesabu, vifaa, mawasiliano na kadhalika, kazi ambayo matokeo yake yatachapishwa wazi. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotea, wanakaa miezi wanaandika andiko zima lenye bajeti na viambatisho halafu wanalirusha kama chupa baharini, wakati mambo ya huko yanaanza na kurasa chache tu za wazo unazompelekea afisa wa programu, yeye anakwambia hili lina nafasi au halina, akisema lina nafasi ndipo unakaa kuandika. Kama una mtu chuoni unayeweza kushirikiana naye, hiyo ndiyo njia.

Mwalimu salaam. Mimi nafanya kazi na vijana huku Kwale. Amekuja mtafiti na msaidizi wake wanataka niwatafutie vijana waliowahi kwenda Somalia wakarudi, na familia zao, wawahoji. Nikimuuliza hela ni ya nani ananambia ni ya chuo tu, usijali. Nifanyeje? – Msomaji, Kwale

Waalaikum salaam ndugu yangu, na ahsante sana kwa kuuliza kabla hujatoa jina la mtu yeyote. Hili swali nalipa uzito kuliko yote ya leo kwa sababu hapa kuna roho za watu.

"Ni ya chuo tu" si jibu. Chuo hupokea hela kutoka mahali, na utafiti wa itikadi kali na ugaidi una wafadhili wengi, zikiwemo serikali za nje kupitia wizara zao za mambo ya nje, ulinzi au misaada. Mfadhili kuwa serikali si dhambi, kumficha ndiyo tatizo, kwa sababu kijana anayehojiwa ana haki ya kupima mwenyewe maneno yake yatafika wapi.

Historia ya jambo hili ni mbaya na inafaa uijue. 1964 jeshi la Marekani lilianzisha mradi ulioitwa Camelot, chini ya ofisi moja iliyokuwa American University, Washington, wakitenga mamilioni ya dola ili wanasayansi wa jamii wachunguze nini kinasababisha maasi ndani ya nchi na serikali inaweza kuyazuiaje. Wasomi wa Chile wakafuatwa washiriki bila kuambiwa kwamba nyuma yake kuna jeshi. Johan Galtung, msomi wa Norway aliyekuwa akifundisha Santiago, alikuwa amealikwa kwenye mradi huo na akakataa, kisha akawaonyesha wenzake wa Chile kilichoandikwa, ikawa kashfa mpaka bungeni kwao, na Julai 1965 waziri wa ulinzi McNamara akaufuta mradi wote. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, 2008, wizara hiyo hiyo ikaanzisha mpango wa Minerva wa kufadhili sayansi ya jamii, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikaandika kwamba kama ni lazima utafiti huo ulipiwe basi hela zipitie taasisi za kiraia zenye utaratibu wake wa kupitia maandiko. Angalau Minerva ilikuwa na jina lake wazi, mtu aliweza kusoma nani kapewa nini.

Kwa hiyo mwambie huyo mgeni wako akuonyeshe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti Kenya, sheria ya 2013 inamtaka awe nayo, na usiishie kuangalia muhuri, soma kichwa cha utafiti na kaunti zilizotajwa, kama Kwale haimo basi hana kibali cha Kwale. Akuonyeshe idhini ya kamati ya maadili. Akuonyeshe fomu ya ridhaa, iwe kwa Kiswahili, na ndani yake jina la mfadhili liwepo. Halafu muulize majina na namba za simu zitahifadhiwa wapi, nani mwingine ataziona, na kama polisi wakimtaka azitoe atafanya nini. Hilo la mwisho litazame anavyolijibu. Serikali ilitangaza msamaha kwa waliorudi mwaka 2015 lakini wewe unaishi huko unajua familia zinaishije, orodha moja ya majina ikipotea mikononi mwa mtu kwenye matatu haiwezi kurudishwa. Mtafiti makini wala hahitaji umpe orodha, anakuachia wewe upeleke habari na anayetaka kuongea aje mwenyewe. Akikataa yote haya, mnyime kabisa, na mweleze mzee wa mtaa na watu wa mashirika wenzako wasije wakafuatwa mmoja mmoja.

Mwalimu, mwanangu anasoma PhD ya uhandisi hapa Marekani, tuko Ohio. Profesa kamtoa kwenye mradi kwa sababu si raia, mradi ni wa hela za ulinzi. Mtoto kavunjika moyo, mimi nahisi ni ubaguzi. – Mama, Ohio

Pole sana mama. Inauma, ila mara nyingi chanzo ni sheria. Mwaka 1985, enzi za Rais Reagan, walitoa mwongozo kwamba utafiti wa msingi ambao matokeo yake yanachapishwa wazi usizuiwe, mwanafunzi wa nchi yoyote anaweza kuufanya. Lakini mkataba ukiweka sharti kwamba mfadhili lazima aridhie kabla ya kuchapisha, au ukisema raia tu ndio washiriki, kinga hiyo inaanguka, na hapo hata profesa akimfafanulia mwanao mchoro wakiwa wamekaa meza moja kwenye maabara hiyo hiyo, sheria inahesabu kama teknolojia imesafirishwa kwenda nchi ya nje. Adhabu zake ni nzito, profesa anaogopa na ana haki ya kuogopa.

Kosa la profesa ni kama alimchukua mwaka mzima akijua. Mwambie mwanao aende ofisi ya chuo inayosimamia masharti hayo aombe kuelezwa kwa maandishi mradi uko kundi gani, kwa sababu wakati mwingine sehemu ya mradi iko wazi na anaweza kubaki nayo. Mwenye green card anahesabiwa sawa na raia kwenye sheria hizo za teknolojia, hivyo kama mko njiani kuipata mambo yatabadilika, ingawa kuna ufadhili kama NDSEG, wa wizara ya ulinzi kwa wanafunzi wa uzamivu, ambao hata green card haitoshi. Na akichagua tasnifu achague hela za NSF, mfuko wa serikali wa sayansi ya kiraia, au mradi wa ulinzi ambao hauna sharti la kuzuia kuchapisha, maana PhD isiyochapishwa itamfungia milango mingi baadaye.

Mwalimu mimi ni nurse huku Kisumu. Tangu utotoni naona Wamarekani wa jeshi wanafanya utafiti wa malaria. Jeshi na malaria wapi na wapi? – Msomaji, Kisumu

Dada yangu, jeshi na malaria ni watu wa siku nyingi, mbu amelaza askari wengi vitani. Hao wa Walter Reed, taasisi ya utafiti wa tiba ya jeshi la Marekani, walikuja Kenya 1969 kuchunguza malale, baadaye wakawa na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, malaria ikawa kazi kubwa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ambayo wewe huenda unawachoma watoto kliniki ilianza kutengenezwa miaka ya 80 na kampuni ya dawa ya GSK pamoja na Walter Reed, Kombewa hapo jirani yako ilikuwa moja ya vituo vya majaribio makubwa kwa watoto, Kenya ikaanza kuitoa Septemba 2019, WHO wakaipendekeza kwa upana Oktoba 2021.

Na dawa mseto unayompa mgonjwa kila siku? Nayo imetoka jeshini, ila jeshi la upande mwingine. Vita vya Vietnam, wanajeshi wa Vietnam Kaskazini wanakufa kwa malaria sugu, wakaomba msaada China, China ikaanzisha mradi wa siri tarehe 23 Mei 1967 ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo, watafiti wakapekua tiba za asili mpaka Tu Youyou na wenzake wakatoa artemisinin, msingi wa dawa mseto, kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Akapata Nobel 2015. Yaani pande mbili za vita moja zilikuwa zinamtafuta mdudu mmoja na wagonjwa wa Nyanza ndio wamefaidi zaidi.

Ukitaka kuona ajabu nyingine, jeshi la Marekani linafadhili utafiti wa saratani ya matiti. Wanawake walipiga kelele bungeni, 1992 zikatengwa dola milioni 25 kupitia jeshi, mwaka uliofuata zikawa milioni 210, sababu bajeti ya ulinzi ndiyo iliyokuwa na nafasi. Unachotakiwa kuuliza wewe kama nurse ni kilekile cha utafiti wowote: mshiriki ameelewa anachosaini, na akiumia kwenye jaribio nani anamtibu.

Mwalimu mambo. Tuko vijana watatu Morogoro, tumeunda droni ya kufuatilia majangili usiku. Serikali yetu inatoa hela za utafiti wa usalama au tuwatafute wazungu? – Msomaji, Morogoro

Poa wadogo zangu, hongereni. Nianze na la haraka: mmeshairusha? Tanzania droni inataka idhini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ya Wizara ya Ulinzi, na mfadhili yeyote makini atauliza hivyo vibali kabla ya kuuliza kamera inaona mbali kiasi gani. Malizeni hilo kwanza.

Hela za ndani zipo lakini ni chache na hazijaandikwa "usalama". COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ina mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, fuatilieni miito yao na muandike kazi yenu kama uhifadhi wa wanyamapori, kwa sababu ndicho ilicho. Jeshi nalo lina kituo cha teknolojia kinachoitwa Nyumbu kule Kibaha, ambako ufundi wa magari umefanyika tangu miaka ya 80, ila ule ni utafiti wa ndani ya jeshi, hautangazi miito kwa vijana wa mtaani, na naona ingefaa sana utangaze, hata midogo.

Kwa Ulaya, Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya sahauni, ni wa makampuni ya Umoja wa Ulaya na Norway. Horizon Europe ya 2021 mpaka 2027 ndiyo ina sehemu ya usalama wa raia, inalipia matumizi ya kiraia peke yake, na taasisi ya Tanzania inaweza kuwa mshirika na kulipwa, baadhi ya miito tu ndiyo inafungwa kwa sababu za kiusalama. Muungano lazima uwe na taasisi angalau tatu za Ulaya au nchi zinazoshiriki rasmi, nyie mnaongezeka juu ya hizo, kwa hiyo mnahitaji chuo cha kuwabeba.

Na chuo hicho mnacho hapo hapo. Panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini wanafunzwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu 2000, wazo lilikuwa la Mbelgiji, Bart Weetjens, hela za kuanzia 1997 zilitoka serikali ya Ubelgiji kwenye fungu la ushirikiano wa maendeleo wala si la ulinzi, na jeshi letu likashirikiana nao. Panya mmoja anafunzwa karibu miezi tisa, kifaa kidogo kikilia 'tik' anapewa kipande cha ndizi, mpaka anajua harufu ya baruti kuliko kifaa, na kwa kuwa ni mwepesi halipui bomu. Walifanya kazi Msumbiji mpaka nchi ikatangazwa haina mabomu 2015, na panya wao Magawa aliyezaliwa hapo Morogoro alipewa medali Uingereza 2020 kwa kazi yake Kambodia. Nendeni SUA mkaongee na watu wa wanyamapori na wa mradi huo, mbebe video ya droni ikiwa usiku kazini, na kabla hamjaonyesha mchoro kwa mtu sajilini kazi yenu BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza, kwa majina yenu yote matatu.